Kent ni kaunti, lakini si kaunti kama Kilifi

Dada mmoja mzaliwa wa Kilifi, anayefanya kazi ya kutunza wazee mjini Ashford, Uingereza, ameuliza hivi: "Bili ya kodi ya kaunsil inaletwa na Ashford, lakini pesa nyingi ndani yake zinakwenda Kaunti ya Kent. Kuna shimo barabarani mbele ya nyumba yetu. Niliwaambia Ashford, wakanituma Kent. Mwaka 2025 nikasikia chama kipya kimeichukua kaunti, na sasa nasikia kaunti yenyewe itavunjwa. Gavana wao ni nani? Kaunti hii ilitoka wapi? Na mimi mwenye pasipoti ya Kenya nina sauti yoyote?"

Dada yangu, tuanze na gavana, maana ukishajua kwa nini hayupo, mengine hayatakusumbua. Kent haina gavana na haijawahi kuwa naye. Neno "kaunti" limekupoteza kidogo. Wewe unalisikia kwa sikio la Katiba ya 2010: kaunti 47, kila moja na gavana aliyepigiwa kura na wananchi wenyewe, hospitali zake, na mgao wa fedha unaolindwa na katiba. Kaunti ya Kiingereza haina hata kimoja katika hivyo. Ukitaka kuielewa, muulize mzee yeyote wa nyumbani kuhusu ile kaunti kaunsil ya zamani, kabla ya 2013, yenye madiwani, mwenyekiti na karani, huku waziri wa serikali za mitaa akiwa ameishika kamba kutoka Nairobi. Hiyo ndiyo jamaa yake Kent. Tena ni mtoto wake wa kumzaa, kwa sababu wakoloni waliileta kwetu kwa kuiga ya kwao.

Kwa hiyo Kent ni baraza la madiwani 81 lililoundwa na sheria ya Bunge. Kilichoundwa na sheria ya kawaida ya Bunge, sheria nyingine ya Bunge inaweza kukikata, kukiunganisha au kukifuta, na hakuna katiba ya kukimbilia. Liweke hilo akilini, kwa sababu historia nzima ya Kent ni ya kaunti inayopunguzwa kipande baada ya kipande.

Sasa chukua bili yako uisome mstari kwa mstari. Juu kuna jina la halmashauri ya Ashford, kwa kuwa ndiyo mkusanyaji. Chini yake kuna Kaunti ya Kent, na pembeni yake mstari wa huduma za watu wazima, ambao nao ni wa kaunti. Halafu inakuja Ashford yenyewe, kamishna wa polisi, zimamoto, na kama unakaa kijijini, baraza la parokia, yaani baraza dogo la kijiji, si la kanisa. Jumlisha mistari miwili ya kaunti utaona imekula zaidi ya theluthi mbili ya bili yote. Ashford ni karani wa kupokea pesa tu, na fungu linalobaki kwake ni dogo.

Kazi nazo zimegawanywa vivyo hivyo. Kaunti ina barabara nyingi, mipango ya shule, maktaba, wazee na walemavu, watoto walioondolewa kwa wazazi, na kuteketeza taka. Wilaya, yaani Ashford na wenzake 11, ina vibali vya ujenzi, nyumba za halmashauri, na kubeba taka. Naam, umesoma sawasawa: wilaya inaibeba taka kutoka mlangoni kwako, kisha kaunti inaipokea na kujua la kuifanya. Nimekaa na madiwani wa pande zote mbili na sijamsikia hata mmoja akidai kwamba hivyo ndivyo mtu mwenye akili timamu angepanga tangu mwanzo. Hospitali ni za serikali kuu. Polisi wana kamishna wao. Hata barabara kuu ya M20 inayopita Ashford si ya kaunti, ingawa malori yakikwama huko kuelekea Dover, lawama zote hushuka Maidstone.

Maidstone ndiko makao makuu yalipo, katika jengo la mawe liitwalo Sessions House, jirani kabisa na gereza la mji. Jina hilo limebeba historia. Kabla ya 1889 Kent haikuwa na baraza la kuchaguliwa. Ilitawaliwa na mahakimu wa amani, matajiri wenye mashamba walioteuliwa kwa jina la mfalme, waliokuwa wakikutana mara nne kwa mwaka. Kikao kilekile kilichomhukumu mwizi wa kondoo ndicho kilichopanga kodi ya kutengeneza daraja. Jengo lilijengwa kwa ajili ya vikao hivyo katika miaka ya 1820, na ujirani wake na gereza hauhitaji maelezo.

Sheria iliyobadilisha mambo ilipitishwa 1888, chini ya Lord Salisbury na serikali yake ya Conservative, chama cha wahafidhina. Waziri aliyeibeba bungeni alikuwa Charles Ritchie. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Januari 1889, na mabaraza yakaanza kazi rasmi tarehe 1 Aprili mwaka huo. Wanawake wasioolewa waliokuwa walipa kodi waliruhusiwa kupiga kura tangu mwanzo, lakini haki ya wanawake kukalia viti vya mabaraza ya kaunti haikuja mpaka 1907. Tena haikuwa kura tupu kwa kila kiti. Robo ya baraza walikuwa wazee wa heshima waliochaguliwa na madiwani wenyewe kwa miaka sita, utaratibu uliodumu hadi 1974. Katika kaunti nyingi za mashambani, walioingia barazani 1889 walikuwa haohao mabwana wa mashamba waliokuwa mahakimu jana yake. Kofia ilibadilika, kichwa kikabaki.

Kent ilizaliwa ikiwa tayari imekatwa. Siku ileile ya Aprili 1889, Greenwich, Woolwich, Deptford na Lewisham zilichukuliwa na Baraza la Kaunti la London. Canterbury nayo, mji wa Askofu Mkuu, moyo wa Kent kwa kila kipimo, iliachwa nje ya himaya ya baraza kwa sababu ilipewa hadhi ya mji unaojitawala, ikabaki hivyo hadi 1974. Fikiria Kaunti ya Mombasa isiyokuwa na Mji wa Kale.

Baada ya hapo baraza likanenepa kwa kazi. Sheria ya 1902 ililiongezea baraza kazi ya shule. Sheria ya 1929 ililikabidhi majumba ya maskini yaliyokuwa yakiogopwa kuliko kaburi. Mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ikalinyang'anya hospitali. Kila waziri aliyepita aliongeza au akapunguza, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa Maidstone.

Mkato wa pili ulikuja 1965, London ilipopanuliwa na kuzimeza Bromley, Bexley, Orpington na nyinginezo. Hapa kuna kichekesho kidogo. Nigel Farage, kiongozi wa Reform UK, chama kinachoitawala Kent leo, alizaliwa Farnborough mwezi Aprili 1964. Alizaliwa Kent, lakini kabla hajatimiza miezi 12 kijiji chake kikawa London. Hakuhama. Kaunti ndiyo iliyohama.

Mkato wa tatu ni 1998, nao ndio unaowachanganya sana jamaa zetu. Miji ya bonde la Medway, yaani Rochester, Chatham na Gillingham, ilitolewa na kupewa halmashauri moja inayofanya kazi zote, za kaunti na za wilaya. Rafiki yako wa Gillingham atakwambia anaishi Kent, na kwa anwani ya posta na kwa mapenzi hajakosea, lakini diwani wa kaunti hana. Katika purukushani za mwaka ule Rochester ilipoteza hadhi yake ya jiji, iliyokuwa nayo kwa karne nyingi, kwa sababu halmashauri iliyokuwa inaondoka haikuteua wadhamini wa kuitunza hadhi hiyo. Hakuna aliyegundua mpaka 2002. Jiji lenye kanisa kuu na ngome ya mawe lilipotea kwa kukosa fomu moja.

Tuje kwenye vyama. Tangu baraza la sasa lilipoundwa upya 1974, Kent ilikuwa ya Conservative kama vile sehemu fulani za nyumbani zilivyo za chama kimoja hata ukisimamisha mgomba. Sababu hazijifichi. Ni nchi ya mashamba ya matunda na hopi, mmea wa kutengenezea bia, ile waliyoipa jina la bustani ya Uingereza, pamoja na miji ya watu wa kipato kizuri wanaopanda treni kwenda kazini London. Labour, chama cha wafanyakazi, ilikuwa na ngome zake ndogo kaskazini ukingoni mwa mto Thames, kama Gravesend na Dartford, pwani ya Thanet, na vijiji vya wachimba makaa ya mawe vya mashariki, ambako mgodi wa mwisho, Betteshanger, ulifungwa 1989. Watu husahau kwamba Kent ilikuwa na makaa ya mawe.

Mara moja tu Conservative waliteleza, 1993, serikali yao ya London ilipokuwa imechokwa, na hawakurudi madarakani hadi 1997. Kisha wakakaa miaka 28 mfululizo chini ya viongozi watatu: Sandy Bruce-Lockhart, Paul Carter na Roger Gough. Mwaka 2009 walichukua viti 74 kati ya 84. Labour walibaki na viwili. Huo mwaka uliotangulia ndio kaunti ilipogundua kwamba pauni milioni 50 ilizoziweka katika benki za Iceland zilikuwa zimenaswa benki hizo zilipoanguka. Sehemu kubwa ilirudi baadaye, lakini wapiga kura wala hawakuwaadhibu.

Angalia sasa tarakimu zinazofuata, maana ndizo zinazoeleza 2025. Mwaka 2013 chama cha UKIP, kilichokuwa cha Farage wakati ule na kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kilipata viti 17. Mwaka 2017 kikapata sifuri, na Conservative wakawa na 67 kati ya 81. Waandishi wengi waliandika kwamba ile ilikuwa homa iliyopita. Haikupita. Mwaka 2016 wilaya zote za Kent isipokuwa Tunbridge Wells zilikuwa zimepiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, na wapiga kura wale walirudi tu nyumbani kwa Conservative kwa muda, kama mtu aliyehamia kwa shemeji akisubiri nyumba yake iezekwe. Boti ndogo za wahamiaji zikaanza kufika fukwe za Dover na Folkestone, na Dover iko Kent. Watoto wanaofika peke yao bila mzazi huwa chini ya ulinzi wa kaunti kwa sheria ya watoto ya 1989. Kent ilisema mara mbili kwamba imezidiwa, ikaacha kuwapokea, na serikali ikawaweka hotelini. Julai 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba pande zote mbili zilikuwa zimevunja sheria.

Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 1 Mei 2025. Viongozi wa Kent walikuwa wameomba kuingizwa kwenye mpango wa mageuzi wa serikali, jambo ambalo lingeahirisha kura yao kama ilivyoahirishwa katika kaunti za Essex na Surrey. Serikali ikawakatalia. Matokeo: Reform UK 57, Liberal Democrat 12, Conservative 5, Kijani 5, Labour 2. Chama kilichokuwa na zaidi ya viti 60 kilitoshea kwenye gari moja dogo. Usidhani lakini kwamba Kent nzima iliamka siku moja ikiwa na fikra mpya. Reform walipata chini ya nusu ya kura. Katika kila kata anayeongoza anachukua, hata akiwa na theluthi ya kura, na wapinzani wakigawana zilizobaki wanne, mshindi anazoa kila kitu. Mfumo uleule uliowapa Conservative 74 mwaka 2009 ndio uliowazika. Sikuwaona wakilalamika ulipokuwa unawabeba.

Kiongozi wa kaunti sasa ni Linden Kemkaran, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari wa BBC. Hakupigiwa kura na watu wa Kent kama kiongozi. Alipigiwa kura kama diwani, kisha madiwani wenzake wakamweka. Yeye huchagua baraza dogo la wasiozidi kumi, kila mmoja na idara yake, na hapo ndipo maamuzi mengi hufanyika. Wakimchoka wanaweza kumwondoa kwa kura ya kawaida. Mwezi Oktoba 2025 video ya kikao chao cha ndani ilivuja, yeye akiwakaripia wenzake, na kabla mwaka haujaisha chama kilikuwa kimewasimamisha au kuwafukuza madiwani wake kadhaa. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba Reform wana viti 57, jua hiyo ni hesabu ya siku ya uchaguzi.

Utauliza, je, chama kipya kimebadilisha nini? Hapa maoni yangu ni kwamba wapiga kura waliuziwa kaunti ya Kilifi, na waliyopata ni kaunti kaunsil. Reform waliingia wakisema kuna ubadhirifu mkubwa wa kukata, wakaleta timu ya kupekua vitabu kuanzia Kent kabla ya kaunti nyingine zote. Lakini bajeti ya kaunti ni ya zaidi ya pauni bilioni 1.5 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake ni matunzo ya wazee, walemavu na watoto, ambayo sheria inalazimisha. Huwezi kumwambia bibi wa miaka 88 aliyevunjika nyonga kwamba sera imebadilika. Upande wa mapato, kodi haipandishwi kufikia 5% au zaidi bila kura ya maoni ya wakazi, ndiyo maana Kent chini ya Conservative ilipandisha kwa 4.99% mwaka 2025. Ukikosea hesabu, kuna mfano wa Northamptonshire: kaunti ile ilitangaza 2018 kwamba haiwezi kulipa, na 2021 haikuwapo tena.

Na jambo hili linagusa mfuko wako moja kwa moja. Kaunti hainunui vitanda na kuajiri watunzaji wote yenyewe. Hununua huduma kutoka kwa kampuni binafsi, pengine na hiyo unayofanyia kazi. Mwaka 2025 serikali ya London ilipofunga mlango wa viza mpya za watunzaji wa kutoka nje, kiongozi wa Kent na mwenzake anayesimamia huduma za watu wazima walimwandikia waziri wa mambo ya ndani wakionya kwamba nyumba za wazee zitapungukiwa na watu. Chama chao kitaifa kinataka wahamiaji wapungue. Kaunti yao inahitaji mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani saa 8 usiku. Mikono hiyo, dada, unajua inatoka wapi.

Kuhusu kuvunjwa, ulilosikia ni kweli kwa maana ya mpango. Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba sehemu zote zenye ngazi mbili, kaunti na wilaya, zitapewa halmashauri moja ya kufanya yote, kama Medway. Kent na wilaya zake walitakiwa wapeleke mapendekezo, na yalikwenda London mwezi Novemba 2025. Hawakukubaliana. Kaunti yenyewe ilipendelea halmashauri moja kwa Kent yote na Medway, na wilaya zikawa na ramani zao za kuigawa vipande kadhaa. Kila mmoja alichora ramani ambayo yeye anabaki. Mpango ni kwamba halmashauri mpya zichaguliwe Mei 2027 na zianze kazi Aprili 2028, na mwenye kauli ya mwisho ni waziri. Siku hiyo Baraza la Kaunti ya Kent litakuwa limefikisha miaka 139.

Sasa sauti yako. Unayo, na kubwa kuliko unavyodhani. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kupiga kura, si ya madiwani tu, hata ya wabunge. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Jirani yako kutoka Kongo au Burundi hana haki hiyo mpaka apate uraia, hata kama mmefika wiki moja, na jirani Mwomani vivyo hivyo. Jiandikishe kwa intaneti, na fomu itakwenda kwa Ashford, maana daftari ni la wilaya. Kituoni utaombwa kitambulisho chenye picha, sheria iliyoanza Mei 2023, na pasipoti yako ya Kenya inakubalika. Nimekutana na wengi waliokaa miaka 7 wakilipa kodi ya kaunsil bila kupiga kura, kwa kudhani pasipoti ya buluu ya nyumbani haina kazi pale. Ukipata ukaazi wa kudumu unaweza hata kugombea udiwani.

Kwa lile shimo, usirudi Ashford. Ingia tovuti ya Kaunti ya Kent, sehemu ya barabara, weka alama kwenye ramani, pakia picha uliyoweka kitu pembeni kinachoonyesha kina chake, kiatu kinatosha, na unakili namba watakayokupa. Wiki zikipita kimya, mpelekee namba hiyo diwani wako wa kaunti. Si yule wa Ashford. Ni huyo mwingine, na jina lake utalipata kwenye tovuti hiyohiyo kwa kuandika msimbo wako wa posta. Gurudumu likipasuka baada ya wewe kuripoti, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba kaunti ilikuwa na habari.